Je, Wajua? "Amemparura Tu"

Msimu wa machungwa uliopita nilikuwa Muheza, shambani kwa mama yangu, mpwa wangu wa miaka saba alipokuja mbio kutoka kwa jirani huku ameushika mkono wake. Mbwa wa jirani, Simba, alikuwa amemrukia. Kwa kucheza au kwa hasira, hapakuwa na mtu mzima wa kusema. Niliugeuza ule mkono nikautazama. Chini kidogo ya kiwiko palikuwa na michirizi mitatu. Miwili ilikuwa myeupe, kama imechorwa kwa chaki. Wa tatu ulikuwa umeanza kutoa damu, kitone baada ya kitone, kama shanga zinazotungwa kwenye uzi.

Jirani alimfuata mtoto nyumanyuma. Mtu mwema, akataka kutupoza: "Msihofu dada, hakung'ata. Amemparura tu."

Hilo "tu" ndilo linaloniandikisha haya. Nimelisikia Horohoro mpakani, nimelisikia Pangani, nimelisikia Korogwe kwenye mashamba ya mkonge ambako mbwa wa walinzi hufunguliwa jua likizama. Jino tunaliogopa, ukucha tunausamehe.

Je, wajua kwamba mbwa huweza kukutia mate kwa mguu wake?

Virusi vya kichaa cha mbwa makazi yake si ukucha, ni mate. Lakini mtazame mbwa aliyelala kivulini saa za adhuhuri: analamba nyayo, anatafuna viroboto katikati ya vidole, anajikuna shingo, anarudi kulamba. Akiwa mgonjwa, mate humchuruzika yakalowesha kidevu, kifua na miguu ya mbele. Mbwa wa namna hiyo akimrukia mtu, kucha zinachana ngozi na mate yanaingia palepale palipochanika. Waliopata ugonjwa kwa kuparurwa ni wachache sana wakilinganishwa na waliong'atwa, ila wapo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeupanga mparuro katika madaraja yaleyale ya meno.

Madaraja hayo ni matatu. Kumshika mbwa, kumlisha, au kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko ni daraja la kwanza: nawa, basi. Mparuro au mchubuko mdogo usiotoa damu ni daraja la pili: osha, kisha ukachanjwe siku hiyohiyo. Mparuro uliopasua ngozi, jino lililozama, mate yaliyoingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda cha zamani ni daraja la tatu: osha, pata chanjo, na pamoja nayo dawa ya kinga iliyo tayari, immunoglobulini, inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Dawa hii ya mwisho ni adimu katika hospitali nyingi za Afrika, lakini ikikosekana usirudi nyumbani mikono mitupu. Chanjo ianze siku ileile, na immunoglobulini bado inafaa ikipatikana ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza.

Kwa mizani hiyo, michirizi miwili myeupe ya mpwa wangu ilikuwa daraja la pili. Ule wa shanga nyekundu ulikuwa daraja la tatu. Mkono mmoja, mbwa mmoja, dakika moja.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza iko karoni kwako?

Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa ganda la mafuta. Sabuni inayong'oa mafuta ya samaki kwenye sufuria ndiyo hiyohiyo inayoliyeyusha ganda hilo, na kirusi kilichovuliwa ganda hakiwezi tena kuingia kwenye chembe hai ya mwili. Kwa hiyo kuosha si maandalizi ya matibabu. Ni matibabu yenyewe yameanza, na muda wake unajulikana: dakika 15.

Mama alikuwa ameshatoa chupa ya mafuta ya taa. Nikamwambia, "Mama, tuanze na maji." Akaniuliza, "Maji nayo ni dawa?" lakini akaenda kuleta ndoo. Mtoto alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya karai. Nilikuwa nikipaka povu la sabuni ya mche, nikipitisha vidole taratibu kwenye kila mchirizi, nikimimina kata ya maji, kisha povu tena. Dakika ya tano alianza kuchoka. Dakika ya nane akaniambia, "Shangazi, umeshatakata." Ndoo mbili ziliisha tukaingia kwenye dumu. Robo saa ni ndefu sana ukiwa umemshika mtoto anayelia, na naamini wengi wanaosema "tuliosha" waliosha kwa dakika moja. Weka simu mbele yako uitazame.

Baada ya hapo, ukiwa na dawa ya iodini au spiriti, paka. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu, tumbaku, wala manyoya yaliyochomwa ya mbwa yule aliyemjeruhi mtu, dawa ambayo nimeisikia ikisifiwa kwa uhakika wote. Vitu hivi huchoma nyama, huacha uchafu, na kubwa zaidi, hula muda. Jeraha lisikazwe kwa kitambaa. Hata hospitalini, daktari makini haharakishi kulishona, kwa sababu sindano ya kushonea inaweza kusukuma kilicho juu kwenda chini.

Je, wajua kwamba udongo wa twahara na jeraha bichi havikutani?

Kila mtoto aliyepita madrasa huku kwetu Pwani anajua mafundisho ya kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa, moja kati ya hizo kwa udongo. Ni jambo la twahara, na lina wenyewe wa kuulizwa. Lakini nimekutana na wazazi waliopaka udongo mbichi juu ya mparuro wa mtoto kwa nia hiyohiyo njema, na hapo lazima niseme. Udongo ni nyumba ya vijidudu vya pepopunda. Vijidudu hivyo hukaa ardhini miaka mingi vikiwa vimejifunga kwenye mbegu ngumu, havifi kwa jua wala kwa mvua, na hupenda tundu jembamba lenye kina lisilopitisha hewa. Anza na sabuni na maji kwa robo saa, nenda hospitali, kisha umuulize sheikh wako jeraha likiwa limefunga.

Mbwa naye hukanyaga udongo huohuo, na samadi, na jaa la mtaa. Kwa hiyo mparuro wa mbwa aliyechanjwa kichaa, mbwa mzima kabisa wa nyumbani, bado unaweza kuleta pepopunda, kwa kawaida kati ya siku 3 na 21. Akina mama hupata chanjo yake wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Baba wa nyumba ndiye aghalabu asiyekumbuka yake ya mwisho ilikuwa lini, naye ndiye anayewafunga mbwa asubuhi.

Je, wajua kwamba kichaa cha mbwa hakisafiri kwa damu?

Virusi vikishaingia, huanzia kwenye misuli iliyo karibu na jeraha, vikashika mishipa ya fahamu, vikapanda milimita kwa milimita kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi 2 au 3. Imewahi kuwa wiki moja, imewahi kufika mwaka. Jeraha la uso, shingo au kiganja hufupisha muda huo, na mtoto, kwa kimo chake, huwa uso kwa uso na mbwa. Duniani kote, watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mwendo huo wa polepole ndio unaotupa nafasi. Mnamo tarehe 6 Julai 1885, mwaka uleule ambao Wajerumani walitangaza himaya yao katika nchi hizi zetu, Louis Pasteur alisimamia uchanjaji wa Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 kutoka Alsace aliyekuwa ameshang'atwa na mbwa. Alidungwa mara 13 kwa muda wa siku 11, akaishi hadi 1940. Chanjo nyingi humkinga mtu kabla hajakutana na ugonjwa. Hii humkuta ameshaingiliwa, ikakimbizana na virusi njiani, na ikianza mapema hushinda.

Ikichelewa hadi dalili zikatokea, hakuna dawa. Kwanza jeraha lililopona zamani huwasha au kufa ganzi. Halafu homa, wahka, kukosa usingizi. Halafu mgonjwa mwenye kiu anapewa kikombe cha maji, na koo linajikaza kwa maumivu hata kabla maji hayajagusa mdomo. Karibu wote hufa, na kwa siku chache. Kila mwaka ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, wakati takwimu rasmi zilikuwa zikionyesha kama kumi hivi. Wengi walikuwa wakifia nyumbani, na kaburi halipeleki taarifa wizarani.

Kuna hofu nyingine inayowarudisha watu mlangoni mwa hospitali: sindano za tumboni. Wazee wetu walizipata kweli, nyingi na zenye maumivu, enzi za chanjo iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Zimekwisha. Leo mtu huchomwa begani, na mtoto mdogo pajani. Haichomwi matakoni, kwa sababu pale haifanyi kazi ipasavyo. Ratiba nyingine humalizika kwa wiki moja, nyingine huenda karibu mwezi. La muhimu ni kurudi kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Na kama uliparurwa wiki tatu zilizopita na ndiyo kwanza unasoma haya, nenda leo. Kwa chanjo hii, maadamu hujaugua, muda haujapita.

Je, wajua kwamba kuna bakteria aliyepewa jina la Pasteur?

Anaitwa Pasteurella, na anaishi vizuri tu kinywani mwa mbwa na paka wazima. Akiingia kwenye mparuro hafanyi subira. Ndani ya siku moja mahali pale hupanda joto, huvimba, huuma kupita kiasi cha jeraha lenyewe. Wekundu ukitambaa nje ya mipaka ya mparuro, usaha ukitoka, au mstari mwekundu ukipanda kutoka kiganjani kwenda kwapani, hapo panatakiwa antibayotiki ya kuandikiwa na daktari, si vidonge viwili vya dukani.

Yupo mwingine anayeitwa Capnocytophaga, mgeni masikioni mwa wengi. Mtu mwenye afya njema anaweza kulambwa na mbwa maisha yake yote asimjue. Lakini aliyetolewa bandama, mlevi wa miaka mingi, au mwenye kinga dhaifu kwa maradhi au kwa dawa anaweza kupata sumu ya damu kwa mparuro mdogo, na kufa. Mwenye kisukari pia asingoje kuona usaha. Watu hawa waende hospitali siku ileile hata kama mbwa ni wao wenyewe na amechanjwa.

Na kwa kuwa nyumba nyingi za Tanga mjini hazina mbwa ila zina paka watatu: ukucha wa paka una ugonjwa wake. Kinyesi cha viroboto hunasa kwenye kucha akijikuna, na akimparura mtoto, wiki moja hadi tatu baadaye mtoto huota mitoki kwapani au shingoni, na homa ndogondogo. Kwa kawaida hupona. Ila paka naye hupata kichaa cha mbwa, jina lisikudanganye.

Je, wajua kwamba mbwa aliyekujeruhi ana thamani zaidi akiwa hai?

Vijana wakisikia mtoto kaumizwa hutoka na marungu. Naelewa hasira ile, lakini mbwa akishauawa na kutupwa, jibu limetupwa naye. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipokuparura huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya siku 10. Kwa hiyo afungwe mahali salama, apewe chakula na maji kwa mbali, na afisa mifugo wa kata aarifiwe. Chanjo ya mtu haingoji siku hizo, inaanza mara moja. Zikipita 10 na mbwa ni mzima wa afya, daktari anaweza kuikatiza. Ikiwa ameshauawa, kichwa kisipondwe, kwa sababu maabara hupima ubongo, na kisiguswe kwa mikono mitupu.

Wala tusidhani kila mbwa mwenye kichaa hukimbia barabarani akitoa povu. Wengine hunyamaza. Hujificha chini ya kitanda au kwenye banda, hawali, sauti ya kubweka imebadilika, taya limelegea na mate yananing'inia. Mwenye mbwa humwonea huruma, akasema ana mfupa kooni, akaingiza mkono kuutoa. Ng'ombe naye hufanya hivyohivyo, akitokwa mate na kulia sauti ya ajabu, na huku kwetu kwenye wafugaji wengi wa maziwa, mkono wa mfugaji huingia kinywani mwa ng'ombe bila kufikiri mara mbili. Mkono wenye mikwaruzo ya nyasi ni mkono ulio wazi.

Je, wajua kwamba Pemba walishaufukuza, ukarudi, wakaufukuza tena?

Wavuvi wa huku kwetu huwa hawako mbali sana na Pemba. Mkondo wa bahari unaotutenga ni kama kilomita 50. Kisiwa kile kilianza kuchanja mbwa kwa kampeni za kisiwa kizima, na watafiti walikuwa wakifuatilia kila aliyejeruhiwa, nyumba kwa nyumba, kuanzia 2010 hadi 2020. Mbwa wengi walipochanjwa, wagonjwa walipungua hadi ugonjwa ukatoweka. Kampeni zikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia upya mara mbili, kama ilivyoonyeshwa na vinasaba vyake, vikasambaa kwa karibu miaka miwili. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, ugonjwa ukaondoka tena.

Mimi habari hii hunikaa rohoni kwa sababu mbwa haogelei mkondo wa Pemba. Yupo mtu aliyempakia chomboni.

Kinachotakiwa si kuchanja kila mbwa. Wakifika 70 kati ya 100, virusi hukosa pa kurukia. Lakini kazi hiyo hurudiwa kila mwaka, maana mbwa wetu wanaishi miaka michache, na watoto wa mbwa wanaozaliwa baada ya kampeni hawana kinga. Kuua mbwa koko mtaani hakujawahi kuumaliza ugonjwa popote. Waliochanjwa wakiuawa pamoja na wengine, nafasi zao hujazwa na wageni wasiochanjwa.

Wilaya nyingi huchanja kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Sikiliza gari la matangazo, au uende mwenyewe kwa afisa mifugo.

Je, wajua kwamba mtungi unaweza kutunza chanjo?

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kijiji kisicho na umeme hupata chanjo ya mbwa pale tu gari lenye barafu linapofika. Watafiti walipojaribu chanjo moja ya mbwa iliyokaa kwenye joto la nyuzi 25 kwa miezi 6, na nyuzi 30 kwa miezi 3, waliikuta bado inakinga. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wakageukia ufinyanzi: chombo cha udongo kinachopoa kwa maji yanayokauka ubavuni mwake, kama mtungi wa bibi uliokaa pembeni ya mlango, na ndani yake chupa za chanjo. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2020. Hii ni chanjo ya mbwa tu. Ya binadamu ibaki kwenye jokofu la hospitali.

Mpwa wangu alichomwa ya kwanza begani alasiri ileile, na ya pepopunda mkono wa pili, kisha akarudi siku ya 3 na ya 7. Jirani, ambaye mwanzoni aliona tunakuza mambo, alimfunga Simba chini ya mchungwa kwa kamba ndefu. Kila jioni alinipigia simu: amekula, amekunywa, amebweka kama kawaida. Siku ya 10 tulikwenda wote kumwona. Alikuwa anatafuna ukoko wa ugali na kutikisa mkia. Mtoto alisimama nyuma ya kanga yangu, akanyoosha mkono wake ulio na mstari mmoja mwembamba, akamwonyesha mbwa.

"Jumamosi na yeye anachomwa," jirani akasema. "Nimeshaongea na bwana mifugo."